Kabla Hujabadili Rangi ya Chombo

Kusi likikaza, fukwe zetu hugeuka karakana. Kunduchi, Bagamoyo, Nungwi, Shela na kwingineko, vyombo ambavyo wakati wa kaskazi havikupata hata siku mbili za kupumzika hupandishwa mchangani, vikaegemezwa magogo ubavuni, na mafundi wakaanza kazi. Mwenye chombo hufika na debe la rangi mkononi, na mara nyingi rangi hiyo si ile ya mwaka jana. Mashua iliyokuwa nyeupe sasa itakuwa ya buluu. Ya kijani itakuwa nyekundu yenye mstari wa njano. Boti la faiba la kubeba watalii litapakwa nyeusi, maana mwenyewe ameona picha ya boti la kifahari la Ulaya na moyo wake ukalipenda.

Makala haya nimemwandikia mtu huyo mwenye debe. Simkatazi kubadili rangi. Chombo ni mali yake, na ni haki yake kuona fahari chombo chake kikiteleza majini kimevaa upya. Ninachotaka ajue ni kwamba ubavu wa chombo ndio unaopokea jua, ndio unaoonekana kwa mbali, na ndio unaowaambia walio ufukweni kuwa huyu anayerudi ni fulani. Anayebadili rangi anayagusa hayo yote, hata kama alichokusudia ni urembo.

Nianze na jua, kwa kuwa ndilo linaloharibu vyombo vingi na ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Nyeusi, buluu ya giza na kijani kilichokolea hunyonya joto. Nyeupe hulirudisha lilikotoka. Katika jua la mchana la pwani yetu, ubavu uliopakwa nyeusi unaweza kupita nyuzijoto 70 za Selsiasi, ilhali wa jirani yake mweupe, chini ya jua lilelile, unashikika kwa mkono. Kwa chombo cha mbao hilo si jambo dogo. Mbao za chini ya mstari wa maji hulowa, hufura, na hubanana zenyewe. Za juu ya maji hukauka. Zikipakwa rangi ya giza hukauka zaidi na kunywea. Mishono kati ya ubao na ubao hufunguka, pamba ya kalafati hulegea, puti hupasuka. Chombo kikiwa kitupu huoni dalili yoyote, kwa sababu mishono hiyo iko juu ya maji. Ni siku kimepakia mzigo, kimekaa chini, upepo umekilaza upande mmoja, ndipo maji hupata njia. Mabaharia watasema chombo kimeanza kuvuja ghafla, na watakuwa wamesahau kwamba msimu uliopita kilibadilishwa rangi.

Faiba nayo haisalimiki. Gundi ya kiwandani inayoshikanisha nyuzi zake hulainika kadiri joto linavyopanda, na nyingi kati ya zile zinazotumika kwenye boti ndogo huanza kupoteza ugumu katika joto lilelile ambalo ubavu mweusi hulifikia saa saba za mchana. Hapo mchoro wa nyuzi zilizofichika ndani hujitokeza juu, viraka vya zamani huonekana kama makovu, na palipojificha unyevu hutoka malengelenge. Boti lililotengenezwa jeupe lilitengenezwa kwa hesabu ya weupe huo. Kulipaka nyeusi ukaliacha jua kali la Januari ni kulitaka livumilie kitu ambacho aliyeliunda hakukikusudia.

Hata hivyo rangi nyepesi ina gharama yake, na ni vizuri kuijua mapema. Inaonyesha kila kitu: kutu, mafuta ya injini, alama za matairi ya gatini, damu ya samaki. Somo hili liliwapata hata wenye fedha. Mwaka 1982 meli ya Kiingereza ya Queen Elizabeth 2 ilichukuliwa na serikali kupeleka askari katika vita vya Falklands. Iliporudi kwenye safari za abiria, ubavu wake, ambao siku zote ulikuwa wa rangi ya giza, ulipakwa kijivu chepesi. Abiria hawakukipenda, na kukitunza kikawa kazi ngumu. Mwaka 1983 ubavu ukarudishiwa rangi ya giza, na ni wa giza hadi leo meli ikiwa Dubai, ambako tangu 2018 ni hoteli. Kampuni kubwa inaweza kujaribu rangi na kuikataa ndani ya mwaka. Mvuvi wa Kilwa Kivinje akikosea, atakaa na kosa hilo mpaka apate fedha nyingine, na fedha hiyo hutoka kwenye nyavu.

Kuna pia vyombo ambavyo havikuzoea rangi kabisa. Mashua nyingi za Lamu huachwa mbao zikionekana, zikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, mpaka zikawa na wekundu wa kahawia unaong'aa jioni. Harufu yake si ya kila pua, lakini mafuta hayo huingia ndani ya ubao na kuulinda. Sasa akitokea mwenye mashua ya namna hiyo akataka aipake buluu, ajue ana kazi nzito mbele yake. Ubao uliokunywa sifa miaka mingi haushiki rangi. Utaipaka leo, itapendeza wiki mbili, kisha itaanza kubanduka vipande vipande. Ni lazima ukwanguliwe mpaka ubao mkavu uonekane, ufutwe kwa thina, uachwe jua liyatoe mafuta yaliyobaki, ufutwe tena. Mimi ningemshauri mwenye mashua kama hiyo aiache ilivyo. Mbao za mbambakofi zilizotunzwa kwa sifa hazihitaji kufichwa.

Lamu hiyohiyo ndiyo iliyotupa mwaka 2018 chombo cha Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda, na kuvalishwa ndara chakavu zipatazo 30,000. Mapema 2019 kilisafiri mpaka Zanzibar. Ubavu wake una rangi zote unazoweza kuzitaja, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye debe.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Mafundi wetu hawapandishi chombo siku yoyote tu. Husubiri bamvua, maji yajae mpaka juu kabisa ya ufukwe, chombo kisukumwe nayo. Yakipwa, chombo kinabaki mchangani, na siku za maji mafu zinazofuata bahari haikifikii. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo kati ya kupandisha na kushusha kuna takriban siku 14. Muda huo ni zawadi. Unatosha kazi yote ikifanywa kwa utaratibu, na ubaya ni kwamba wengi huupoteza: siku 10 chombo kimelala kikisubiri fedha, kisha kila kitu kinalazimishwa kwa siku tatu za mwisho, rangi juu ya rangi mbichi, kwa kuwa maji yanarudi.

Cha kwanza ni kukiosha chombo kwa maji baridi ya kisima, sio ya bahari. Chumvi ikibaki kwenye ubao huvuta unyevu, na unyevu huisukuma rangi itoke. Kisha kukwangua. Kisha fundi wa kalafati apite mshono kwa mshono na chembeu yake, agonge, asikilize, aondoe pamba iliyooza, atie mpya. Ikiwa unabadili rangi kutoka giza kwenda nyepesi, tayarisha tabaka zaidi, maana buluu ya zamani huchungulia chini ya nyeupe kwa ukaidi mkubwa. Rangi ya msingi yenye kijivu chepesi husaidia kuizima. Ukitoka nyepesi kwenda giza utatumia debe dogo, na hapo ndipo wengi hushawishika, wasikumbuke lile jua nililolitaja.

Saa ya kupaka nayo ina maana. Asubuhi, umande ukishakauka na upepo wa kusi haujaanza kurusha mchanga, ndiyo saa nzuri. Mchana wa jua kali rangi hukauka juu ikiwa ingali mbichi chini, na mvuke wake ukikosa pa kutokea huinua malengelenge. Upande ulio kivulini upakwe kwanza. Jua likizunguka, mzunguke pamoja nalo.

Hapa nina neno zito. Rangi ya zamani inayokwanguliwa huenda ina madini ya risasi. Kwa miongo mingi risasi ilitiwa kwenye rangi za mafuta ili zikauke haraka na zidumu, na ile rangi nyekundu ya msingi iliyopendwa kwa vyuma na mbao za vyombo ilikuwa risasi yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi huathiri ubongo unaokua. Na fukwe zetu ni viwanja vya watoto! Fundi anapiga msasa mkavu, vumbi la rangi ya tangu enzi za babu linapaa, na wadogo wanacheza chini ya ubavu huohuo wakichimba mchanga kwa mikono watakayolia chakula. Msasa na ulowe maji ili vumbi lisipae. Tandaza turubai chini, kusanya maganda ya rangi, usiyaache bahari iyachukue. Fundi afunge barakoa, na akimaliza anawe na abadilishe nguo kabla hajambeba mwanawe. Watoto waambiwe wakacheze mbali. Haya hayagharimu hata bei ya brashi.

Chini ya mstari wa maji ni ulimwengu mwingine, na anayebadili rangi ya ubavu asidhani debe lilelile litafaa mpaka kwenye mkuku. Huko adui ni viumbe hai: majani ya bahari, wale wenye magamba makali wanaoshika mbao na kukipunguzia chombo mwendo, na funza wa baharini anayetoboa ubao kimyakimya mpaka ukawa kama sega la nyuki. Wazee wetu walipambana nao kwa moto wa makuti uliopitishwa chini ya chombo, kisha wakakipaka deheni, chokaa iliyokandwa na shahamu. Ndiyo sababu matumbo ya vyombo vyetu vingi ni meupe. Wazungu walipata dawa yao katika shaba: mwaka 1761 manowari ya Kiingereza HMS Alarm ilivalishwa mabamba ya shaba kwa majaribio, na hadi leo rangi nyingi za chini ya maji, hasa zile nyekundu za udongo, zimetiwa shaba.

Sumu ya rangi hizo haimchagui adui. Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kutumia kemikali ya bati iitwayo TBT, kali kuliko shaba, na meli za dunia nzima zikaipenda. Kisha wafugaji wa chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wakaona chaza wao wanaharibika magamba na kushindwa kuzaana. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa ukapitishwa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Nimeitaja habari hii kwa sababu tunapopaka vyombo vyetu juu ya mchanga uleule ambako kina mama huokota chaza na kombe, kila tone lililomwagika ni mali yao pia. Ukinunua rangi ya chini ya maji, soma kilichoandikwa kwenye debe. Debe lisilo na maandishi, rafiki yangu, liache dukani.

Sasa jambo lililonisukuma kuandika.

Chombo kisiporudi, kinachofuata ni maswali. Kimeondoka saa ngapi? Kilikuwa kinaelekea wapi? Kina watu wangapi? Kina rangi gani? Swali la mwisho huulizwa na kila mratibu wa uokoaji popote duniani, na Mombasa kuna kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006. Mtu aliye kwenye ndege au boti ya msaada huangalia bahari pana kwa saa nyingi akitafuta doa. Macho yake yameambiwa yatafute doa la rangi fulani. Kama chombo kilibadilishwa rangi mwezi uliopita na mke, jirani au katibu wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, akataja ile ya zamani, yule anayetafuta anaweza kukipita.

Na hata rangi ikitajwa sawasawa, kuna zinazojificha zenyewe. Buluu juu ya bahari ya buluu haionekani. Ni wazi, lakini ndiyo rangi inayopendwa kuliko zote kwenye fukwe zetu. Kijivu vilevile: mwaka 1909 Marekani ilipaka kijivu manowari 16 nyeupe zilizokuwa zimerudi kutoka kuizunguka dunia, kwa kuwa kijivu hufaa kuficha meli vitani. Nyeupe huonekana vyema bahari ikitulia, ila kusi likivuma na mawimbi kuanza kupasuka povu, chombo cheupe hupotea katikati ya weupe mwingi. Kinachoonekana ni rangi ya chungwa. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea zinataka boti za kuokoa maisha na majaketi viwe vya rangi hiyo, au nyingine inayoonekana kwa urahisi kama hiyo.

Wapo waliopaka chombo ili kionekane na wakaokoka kwa hilo. Meli ya SS Uganda, ambayo wazee wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanaikumbuka kwa safari zake za London katika miaka ya 1950 na 1960, ilipelekwa Gibraltar mwaka 1982 ikageuzwa hospitali ya vita vilevile vya Falklands. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka meli ya hospitali iwe nyeupe kwa nje na kuchorwa misalaba au hilali nyekundu mikubwa kadiri inavyowezekana, ili aliye angani au juu ya maji aitambue kwa mbali. Uganda ikachorwa misalaba, ikatibu majeruhi wa pande zote mbili, ikarudi salama.

Fikiria pia chombo kilichopinduka. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu na Ukara, tuliona wote picha za kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka: kilichokuwa juu ya maji ni tumbo lake. Ngalawa au mashua ikipinduka huwa hivyohivyo. Rangi nzuri ya ubavuni iko chini, na watu wameng'ang'ania mkuku. Waandaaji wa mashindano ya matanga baharini wamelifikiria hili, wakataka boti zenye matumbo mawili au matatu ziwe na eneo lisilopungua mita moja ya mraba la rangi kali upande wa chini. Ngalawa zetu ni ndugu za boti hizo. Eneo la mita moja ni kibati kimoja kidogo cha rangi.

Lipo na suala la utambulisho. Chombo kilichopakwa upya mara nyingi hupoteza namba yake: fundi amefunika ile ya zamani, mpya itaandikwa kesho, na kesho hiyo haifiki. Au inaandikwa kwa buluu juu ya kijani, isisomeke hatua tano. Wenye vyombo waaminifu wanajidhuru kwa hili, kwa sababu wanafanana na wale wanaojificha kwa makusudi. Mwaka 2018 bahari yetu ilishuhudia msako wa meli ya uvuvi haramu STS-50, iliyotoroka Maputo, ikafukuzwa, na hatimaye kukamatwa Indonesia. Ilikuwa imewahi kuitwa Sea Breeze 1, Ayda na Andrey Dolgov. Ili kuzuia hila za namna hiyo, meli kubwa hutakiwa kuwa na namba ya kudumu iliyochongwa au kugongwa kwenye chuma chenyewe, ambayo brashi haiwezi kuifuta. Mwenye mashua anaweza kufanya vivyo hivyo kwa patasi: achonge namba ya usajili kwenye ubao, karibu na omo, kisha aipake rangi inayopingana na ya ubavu.

Kama ningeulizwa nichague, ningepaka ubavu nyeupe au krimu, kwa ajili ya jua. Ukingo wa juu kuzunguka chombo chote ningeutia mkanda mpana wa rangi ya chungwa, na ndani ya omo vilevile, ili anayepita angani auone. Chini ningeacha deheni nyeupe au rangi ya shaba iliyoidhinishwa, na juu yake kiraka cha chungwa kando ya mkuku. Urembo ubaki kwenye jina, kwenye macho ya omo, kwenye mstari mmoja wa rangi uipendayo. Nafasi yake ipo.

Ewe mwenye chombo, ukishamaliza na rangi ikikauka, usikishushe majini kabla hujafanya jambo hili moja. Chukua simu, piga picha tatu: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chombo kikionekana kutoka juu. Mtumie katibu wa BMU yako, au kamati ya wavuvi ukiwa Zanzibar, na ofisi iliyokusajili. Mtumie na mtu wa nyumbani, umwambie azitunze.